Maswali ya Wasomaji: Wajukuu Wakija Sikukuu

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa mabibi na mababu wanaosubiri wajukuu wa likizo. Wengine wanauliza ya jikoni, wengine wanauliza wawapeleke wapi. Tumejibu saba.

Kila Idi napika visheti na wajukuu wangu wanne. Mkubwa ana miaka kumi na mmoja, mdogo minne. Kwenye mafuta vinatoka vizuri, lakini sukari haikauki. Vinanata, na ikifika usiku vimeshikana bonge moja. Shira naipika na ndimu kama ya kaimati. Na hawa watoto niwape kazi gani, maana wote wanagombea karai?
*Bibi wa Chumbageni, Tanga*

Shikamoo Bibi. Kosa umelitaja mwenyewe: ndimu. Ukali wake huimega sukari inapochemka, na sukari iliyomegwa hairudi tena kuwa chembe. Kwa kaimati hilo ndilo tunalolitaka, shira ibaki laini na ing'ae. Visheti vinataka kinyume chake, sukari igande juu yao iwe nyeupe na kavu. Asali nayo huleta matatizo yaleyale, usiitie.

Kwa unga wa ngano nusu kilo, shira iwe sukari vikombe 2 na maji kikombe 1, basi, pamoja na iliki. Chemsha bila kukoroga baada ya sukari kuyeyuka. Dondosha tone kwenye kisahani, lipoe kidogo, libane kwa kidole gumba na cha shahada kisha achanisha. Uzi ukikatika mara moja, bado. Uzi ukinyooka bila kukatika na shira ikawa inatoa mapovu mazito ya polepole, epua. Hapo mimina visheti *vilivyopoa*, ugeuze kwa miko miwili bila kupumzika. Dakika ya kwanza utadhani umeharibu, kila kitu kinang'aa na kuteleza. Dakika ya pili au ya tatu sauti inabadilika, vinaanza kugongana kama kokoto, na weupe unatokea pembeni mwa sufuria. Endelea kugeuza mpaka vyote vipauke. Visipopauka, rudisha sufuria kwenye moto mdogo huku ukigeuza. Maji yaliyobaki yakitoka, vitapauka. Visheti vikiingia vya moto vinatoa mvuke ndani ya shira, na hilo nalo huzuia sukari kukauka.

Unga wenyewe, kwa nusu kilo: samli ya moto vijiko 4 vya kulia, iliki iliyotwangwa kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo, na tui zito vuguvugu lisilozidi kikombe 1. Pikicha samli na unga kwanza, hadi ukifumbata unga kiganjani ushikane na ukiugusa umeguke. Samli ikizidi visheti humeguka ndani ya mafuta. Tui likizidi hutoka vigumu na hunywa mafuta. Mimina tui kidogokidogo, donge liwe gumu kuliko la chapati, lifunike nusu saa.

Sasa watoto. Wa miaka minne mpe kinu kidogo na iliki zilizokwisha kumenywa. Atatwanga mpaka achoke na hakuna atakachoharibu. Wa miaka sita hadi tisa ndio mafundi wa kuchora: kila mmoja apewe uma, akandamize kidonge cha unga mgongoni mwa uma kwa kidole gumba kisha akikunje. Vidonge viwe na ukubwa wa punje ya njugu mawe, visizidi, kwani vikubwa vinabaki vibichi katikati. Wa miaka kumi na mmoja apime na ashike saa. Karai si la mtoto yeyote kati yao, na shira ndiyo hatari kuliko mafuta, maana mafuta hutiririka yakaenda, shira hung'ang'ania ngozi. Kama jiko liko chini, chora mstari wa chaki hatua mbili kulizunguka na uwaambie mapema kwamba anayevuka anahamia kazi ya kuosha vyombo. Ikitokea mtu kaungua, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na unga wa ngano havipoozi kitu, vinaziba joto ndani.

Wajukuu huja kutoka Nairobi kila Idi na jambo la kwanza ni bahari. Mwaka jana tulitoka baada ya sala, saa nne tuko pwani, na maji yamekwenda mbali hata hayaonekani. Wakala mchanga na jua. Nitajuaje saa nzuri?
*Babu, Mombasa*

Shikamoo Babu. Hili halihitaji bahati, linahitaji kalenda ya mwezi. Idi Ndogo ni mwezi mosi Mfunguo Mosi, yaani mwezi umeandama usiku wa jana yake, na mwezi mwandamo ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Kwa pwani yetu, wakati wa bamvua maji hukauka asubuhi kati ya saa nne na saa tano, na hujaa jioni kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Tofauti kati ya kujaa na kupwa Mombasa siku hizo hupita mita 3. Kwa hiyo ulichokiona mwaka jana utakiona tena mwaka huu na mwakani, ukitoka saa ileile.

Idi Kubwa mambo hugeuka. Ni mwezi kumi Mfunguo Tatu, mwezi wa angani umeshapita nusu duara, na maji ni mafu au karibu na kuwa mafu. Hayaendi mbali wala hayaji juu sana, na kujaa kwake huangukia karibu na adhuhuri. Siku hiyo kutoka saa nne asubuhi ni sawa kabisa, ila jua ndilo la kuangaliwa. Kila siku inayofuata ongeza wastani wa dakika 50. Saa kamili ithibitishe kwenye jedwali la maji, au umuulize mvuvi yeyote aliyekaa juu ya ngalawa yake.

Ratiba ya Idi Ndogo basi iwe hivi: asubuhi wazuru jamaa, wale, wadogo walale. Baada ya sala ya alasiri shukeni pwani. Maji yanakuja au yamesimama, jua limelegea, na mna saa mbili nzuri kabla ya magharibi. Mkiwa na wakubwa wanaopenda kutembea mwambani, hao wachukue asubuhi peke yao, kwa sababu bamvua ndiyo inayofunua vidimbwi vyenye samaki wadogo, kaa na majongoo ya bahari. Wavae viatu vya kufunga, si ndara. Ndara inaponyoka na wale wadudu wa miiba mirefu myeusi hawasamehi kisigino. Geukeni kurudi kabla maji hayajaanza kuingia. Kinachonasa watu si wimbi la mbele, ni mkondo unaojaa nyuma yao, kati ya mwamba na ufuo, wakiwa bado wanaokota makombe.

Tyubu za magari zinazokodishwa fuo za umma zinapendwa na watoto, na hatuwezi kukwambia usiwape. Jua tu kwamba tyubu si boya. Mtoto mwembamba huponyoka katikati yake kimya kimya, bila kupiga kelele. Asiyejua kuogelea awe pale ambapo mkono wako unamfikia bila kupiga hatua.

Ukiamua siku ya pili kuwapeleka Haller Park, Bamburi, wasimulie njiani habari ya Owen, yule kiboko mtoto aliyeokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Hapo ndipo walipoishi, na bustani yenyewe ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji kabla ya kupandwa miti. Maji ya kunywa tieni kwenye chupa za kudumu: tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imekataza plastiki za kutumia mara moja katika mbuga, misitu na fuo zinazohifadhiwa.

Kaimati zangu nje nyekundu, ndani unga mbichi.
*Bibi, Temeke*

Mafuta yako ni ya moto mno, au kaimati ni kubwa mno, na mara nyingi ni yote mawili. Chota unga wa kiasi cha ndimu ndogo, ukumbuke utavimba. Mafuta yawe na kina cha kutosha zielee, moto wa wastani; ya kwanza ukiidondosha izame, ikae chini kama sekunde mbili tatu, ndipo ipande. Ikipanda papo hapo, punguza moto. Halafu usiache kuzinyunyizia mafuta na kuzizungusha kwa upawa. Unga vikombe 2 unataka hamira kijiko 1 cha chai, mtindi robo kikombe, na maji vuguvugu ya kufanya unga uwe mzito wa kuvutika, usiomwagika. Upige kwa mkono dakika 5, uumuke saa moja. Kijiko kimoja cha wanga wa mahindi huzifanya zikae na ukavu wa nje hata kesho yake. Na hapa, Bibi, ndimu kwenye shira ruksa.

Hapa Muscat nazi ninayopata dukani ni ile kavu ya pakiti. Kashata zinamung'unyika kama mchanga, na wajukuu waliozaliwa huku wanadhani ndivyo kashata zilivyo.
*Bibi, Muscat*

Shikamoo Bibi. Nazi ya pakiti imekaushwa mpaka haina maji, kwa hiyo ikikutana na shira inainyonya yote, na sukari inabaki haina cha kushikilia. Irudishie maji kwanza. Nazi gramu 250, mwagia maziwa ya moto kikombe 1, changanya, funika nusu saa hadi ivimbe na ukiifinya iache unyevu mkononi. Nunua iliyosagwa chenga, si ile laini kama unga.

Sukari vikombe 2 na maji nusu kikombe viache vichemke hadi uzi, tia nazi, iliki na punje za chumvi, punguza moto na ukoroge. Inachukua dakika 10 hadi 15. Usiangalie saa, angalia sufuria: mchanganyiko ukianza kuachana na kingo na kuufuata mwiko kama donge, umewadia. Ukiepua kabla, kashata hazigandi, zinabaki kama jamu. Ukichelewa dakika mbili tu, zinamung'unyika tena, safari hii kwa sababu nyingine. Mimina kwenye sinia lililopakwa samli, sawazisha unene wa kidole, subiri dakika 10, kata zikiwa bado za moto. Zikipoa kabisa kisu kinazivunja.

Watoto watafurahi ukigawa mchanganyiko sehemu mbili na moja ukaitia rangi ya waridi, ukaimwaga juu ya nyeupe. Kazi yao iwe kusawazisha kwa mgongo wa kijiko kilichopakwa samli, baada ya joto kupungua. Na yeyote akipita Salala, kusini mwa Oman, akuletee nazi mbichi. Huko minazi inastawi, na kashata za nazi iliyokunwa kwa mbuzi hazilingani na za pakiti hata tukizipamba vipi.

Nina wajukuu watano, miaka mitatu hadi kumi na mitatu, na siku moja tu ya kutoka. Niwapeleke msitu wa Jozani au kisiwa cha Changuu?
*Babu, Unguja*

Shikamoo Babu. Kwa umri huo tunachagua Changuu, kwa sababu moja: kobe hawakimbii. Mtoto wa miaka mitatu Jozani anaonyeshwa kima juu ya mti, akimwona kima ameshahama. Changuu anasimama mbele ya kobe mkubwa kuliko yeye na anamlisha majani mkononi. Kobe wale asili yao ni Aldabra, na wa kwanza wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Baadhi yao wameandikwa umri kwenye gamba kwa rangi, na wale wenye miaka saba hadi kumi watapenda kumtafuta mzee kuliko wote. Wakubwa wasimulie habari za jengo: gereza lililojengwa miaka ya 1890 ambalo halikuwahi kufungwa mfungwa, likageuzwa karantini ya wasafiri wagonjwa. Jani lishikwe kwa ncha, vidole viwe mbali. Kobe hana meno, lakini mdomo wake unakata kabichi na hautofautishi kabichi na kidole. Kumpanda mgongoni mwiko.

Bei ya boti patana kwa boti nzima, si kwa kichwa, na ipatane pamoja na muda wa kusubiri. Kabla ya kulipa, omba kuona maboya ya kuvaa ya saizi ya mtoto. La mtu mzima likimvaa mtoto linapanda masikioni na yeye anabaki chini. Safari ni kama nusu saa, na asubuhi bahari huwa tulivu zaidi. Mchana upepo ukipanda, wadogo hutapika.

Kama wakubwa watashinda kura na mkaenda Jozani, basi msibebe ndizi. Kima punju, ambaye asili yake ni Zanzibar peke yake, tumbo lake limeumbwa kwa majani na matunda mabichi. Matunda matamu humdhuru. Waambie watoto wamtazame kama anatafuna makaa, maana hufanya hivyo kupunguza makali ya majani ya miembe na mikungu anayokula. Kaeni mita 3 mbali naye, ingawa yeye mwenyewe kanuni hiyo haijui. Njia ya mbao ya mikokoni ni fupi, hata wa miaka mitatu ataimaliza kwa miguu yake. Kotekote chukua kitambulisho; bei ya mwenyeji na ya mgeni hazifanani.

Krismasi wote wanapanda Moshi, watoto wanataka keki ya bibi. Oveni sina, napikia mkaa. Chini inaungua, katikati mbichi.
*Bibi, Marangu*

Shikamoo Bibi. Mkaa wako mwingi uko chini, na unapaswa kuwa juu. Ukigawa mkaa mafungu matatu, moja likae jikoni na mawili juu ya mfuniko.

Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu uliochekechwa unene wa vidole viwili, funika, pasha dakika 15. Mchanga unasambaza moto. Bila mchanga, pale mkaa ulipo ndipo keki inapoungua. Sufuria ya keki iwe ndogo kiasi cha kuacha nafasi ya kidole kila upande, ipakwe siagi na kunyunyizwa unga, na ijazwe unga hadi nusu, isizidi theluthi mbili. Siagi gramu 250 na sukari gramu 200 vipigwe hadi viwe vyeupe, na hapa ndipo wajukuu wanafaa, wanapokezana mwiko kwa kuhesabu mia mia. Mayai 4 yaingie moja moja. Ukiyatia yote pamoja mchanganyiko unakatika kama maziwa yaliyoganda. Kisha unga gramu 300 uliochekechwa na beking poda vijiko 2 vya chai, maziwa nusu kikombe, maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Unga ukishaingia koroga taratibu, kwani kupiga sana kunaifanya keki kuwa ngumu kama mkate.

Usifunue kabla ya nusu saa. Watoto watakusihi, uwakatalie: hewa baridi ikiingia, katikati hudidimia na hapanyanyuki tena. Kati ya dakika 40 na 50 choma kijiti cha mshikaki katikati, kikitoka kikavu, tayari. Juu ikiwahi kuiva, ondoa mkaa wa mfuniko nusu.

Pikia nje au barazani. Desemba hiyo kukinyesha na baridi ikashuka, mtu hushawishika kuingiza jiko ndani watoto waote moto. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Na mkiwapeleka kwenye maporomoko ya Kinukamori siku ya mvua, viatu vyenye meno; ngazi na njia zile zikilowa zinateleza.

Mjukuu wangu ana miaka miwili na kaka zake wanamlisha ubuyu. Kuna ubaya?
*Bibi, Kisauni*

Upo. Mbegu ya ubuyu ni ngumu, inateleza, na inatosha kabisa kuziba koo dogo. Hadi afike miaka minne hivi asipewe, na karanga nzima vilevile. Asali nayo isionjwe na mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Mdogo asinyimwe utamu: loweka ubuyu vikombe 2 katika maji vikombe 5 kwa saa moja, upikiche, uchuje, tia sukari nusu kikombe na vanila, gandisha kwenye vikombe vidogo. Rangi nyekundu usitie. Itaishia kwenye kanzu yake mpya kabla hamjafika kwa jirani.